Hadithi zangu zote hufia njiani. Nitaijuaje njia yangu ya kuandika?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kizota hapa Dodoma, na kazi yangu iko kwenye mashine ya kusaga. Napokea nafaka, napima, napanga foleni, jioni nafagia. Naandika hadithi tangu sekondari lakini sijawahi kumaliza hata moja. Nina kaunta buku mbili za kwaya tatu, ndani yake mna hadithi sita na zote hazina mwisho.

Mbili za kwanza niliziandika kwa mpango. Niliingia kundi moja la waandishi kwenye WhatsApp, wakatufundisha kwamba mwandishi makini huanza na muhtasari wa sura zote. Nikaandika muhtasari wa sura 20 wa hadithi ya msichana wa kazi za ndani. Niliupenda sana ule muhtasari, lakini hadithi yenyewe ikaishia sura ya tatu. Nyingine ya mapenzi ya wanachuo wa UDOM ikaishia sura ya pili. Mwenzangu mmoja akaniambia mipango ndiyo inayoniua, niandike tu, hadithi itanipeleka yenyewe. Nikaandika ya mzee anayelinda mbuyu usikatwe. Imefika kurasa 41 na mzee bado amekaa chini ya mbuyu anakumbuka mambo. Ya ajali ya basi ilisimama ukurasa wa 12, pale dereva aliyenusurika anapokwenda kwa mke wa utingo wake aliyefariki. Ya ndugu wawili na shamba la zabibu la baba yao kule Hombolo ilisimama ukurasa wa 11, kaka mkubwa aliporudi kutoka Dar na kumkuta mdogo wake shambani.

Ya sita ndiyo inayoniuma. Ni mama aliyeleta nafaka mashineni halafu akakataa kuisaga. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mara tisa. Mwanzo wa mara ya tisa ni huu:

"Ilikuwa ni siku ya Jumamosi yenye jua kali ambapo Bi Mwaja, ambaye alikuwa ni mjane mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, alikuwa anaelekea katika mashine ya kusaga akiwa amebeba debe la uwele ambalo lilikuwa ni mbegu pekee aliyokuwa amebakiwa nayo baada ya kukumbwa na baa la njaa."

Cha ajabu, hadithi hiyohiyo nikiwasimulia watu kwenye foleni wananyamaza kimya. Siku moja mteja aliacha zamu yake ipite ili asikie mwisho. Nikisimulia naanza hivi tu: "Yule mama kaja na debe lake, kalitua, kakaa. Foleni inasogea, yeye kakaa. Namwita, mama zamu yako. Ananiambia, mpishe huyo." Lakini huo si uandishi, ni maneno ya mashineni.

Muda wangu ni usiku, kama saa moja hivi baada ya saa tatu, nikiwa nimeshachoka. Nifuate njia ipi, ya mpango au ya kuandika tu? Au mimi ni msimuliaji tu, si mwandishi?

Msaga Nafaka, Kizota

*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniletea ule mwanzo wa mara ya tisa pamoja na yale maneno ya kwenye foleni. Ningekosa kimojawapo ningekupa ushauri wa jumla, na huo naona umeshakuchosha.

Mashine ikizima katikati ya kazi, fundi hakimbilii kununua nyingine. Anatafuta ilipozimia: mkanda umekatika, nyundo zimeisha, au chekeche imeziba. Hadithi zako zifanyie hivyohivyo. Fungua ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, chora safu nne: jina la hadithi, ukurasa iliposimama, tukio lililokuwa linafuata, na ulivyojisikia siku ile ulipofunga daftari. Safu ya tatu ndiyo yenye mali. Wengi huijaza kwa "nilikosa muda" au "nilichoka". Sikatai kwamba unachoka, lakini uchovu haupangi miadi ya kukukamata ukurasa wa 11 kwa hadithi moja na wa 12 kwa nyingine.

Tazama kilichokuwa kinafuata. Dereva anakwenda kwa mjane wa utingo. Kaka mkubwa anamkuta mdogo wake shambani. Zote mbili zimefia mlangoni, watu wawili wenye jambo zito kati yao wakiwa wanataka kufungua midomo. Ya mbuyu haikufa mapema kwa sababu hakuna aliyekuja kuongea na mzee: kurasa 41 mtu yuko peke yake na kumbukumbu zake. Basi katika hizo tatu hukukosa mpango. Unaogopa mazungumzo ukiwa kwenye karatasi. Na hapohapo, kwenye foleni, mazungumzo ndiyo silaha yako: "mama zamu yako", "mpishe huyo". Sentensi ya tatu tu watu wameshaanza kusemezana.

Zile mbili za mpango zilikufa kifo kingine. Umesema mwenyewe kwamba muhtasari uliupenda sana. Wako watu ambao raha yao yote iko pale wanapoliona jambo likitokea kwa mara ya kwanza, na wewe uliyaona yote kwenye muhtasari, sura 20, ukashiba. Sura zenyewe zikawa kazi ya kunakili. Hilo halina maana kwamba mpango ni mbaya. Anayeandika hadithi ya upelelezi bila kujua mapema nani aliua, kwa nini, na kidokezo gani kitakaa wapi, atajifunga kamba mwenyewe. Kundi lile lilikosea kuigeuza njia ya baadhi ya watu kuwa kipimo cha umakini, na mwenzako naye akakosea vilevile kutokea upande wa pili.

Ya sita imekufa kwenye sentensi ya kwanza, mara tisa. Tuikalie hiyo.

Soma tena ulichoandika. Kabla msomaji hajapumua ameshajua siku, hali ya hewa, jina, ujane, umri, mahali, mzigo, kwamba mzigo ni mbegu, kwamba ndiyo pekee iliyobaki, na kwamba kuna njaa. Ukurasa wa pili atautafutia nini? Sasa sikiliza lile la foleni. Mama kaja, katua, kakaa, zamu haitaki. Kwa nini? Yule mteja aliyeacha zamu yake ipite alikuwa anaisubiri hiyo "kwa nini". Mdomoni unaificha sababu, kwenye karatasi unaikabidhi mlangoni. Nadhani ni kwa sababu maandishi mengi tuliyofundishwa shuleni na kazini, barua za kikazi, ripoti, insha za mtihani, kweli yanataka hivyo: nani, lini, wapi, kwa sababu gani, vyote juu. Hadithi haina bosi anayesubiri taarifa.

Halafu itazame lugha yenyewe. Katika sentensi moja mna amba- tatu na kitenzi "kuwa" mara sita. Ndiyo maana inaburuta miguu. Kiswahili kimekupa kirejeshi kifupi: mama aliyekuja, mbegu iliyobaki, mzigo anaoubeba. Amba- ihifadhi kwa pale inapolazimu, kama mbele ya -me-: "mama ambaye amekaa". Na "alikuwa anaelekea" ni "alikwenda", au usimwonyeshe akienda kabisa. Yule wa foleni hatukumwona njiani. Tulimkuta ameshafika.

Kwa hiyo swali lako, mpango au kuandika tu, ningelijibu kwa njia ya tatu: simulia kwanza, andika baadaye. Wewe una ushahidi kwamba inafanya kazi, ila ulikuwa unauita maneno ya mashineni.

Usiku wa kwanza mketishe mbele yako mtu mmoja asiyeijua hadithi. Mdogo wako, jirani, yeyote. Simu iweke mezani kama shibiri mbili kutoka mdomoni, ikiwa inarekodi, kioo kimelala chini usikichungulie. Msimulie mtu, usiisimulie simu. Ukiiongelea simu peke yako utaanza kuhutubia, na zile "ilikuwa ni" zitarudi zote. Dakika zisizidi 10. Usijaribu kazini injini ikiwa inanguruma, maana utapaza sauti, na sauti ya kupaza haijui kunyamaza.

Baada ya siku mbili simulia tena kwa mtu wa pili. Baada ya mbili nyingine, wa tatu. Rekodi ya kwanza usiisikilize mpaka umemaliza ya tatu, la sivyo utaanza kujiiga. Sababu ya kutaka tatu ni hii: kile kitakachokuwepo katika zote, kwa mpangilio uleule, ni mfupa wa hadithi yako, na hukuhitaji muhtasari kuupata. Kinachobadilika kila mara ni nyama, hiyo utachagua. Kilichotokea mara moja tu na msikilizaji akasogea mbele, kichukue, hata kama kilikuponyoka. Mtu akishaondoka, andika haraka mahali alipouliza "halafu?" na mahali alipotazama pembeni. Mahali pa kutazama pembeni hapasikiki kwenye rekodi, na ndipo patakapokufundisha zaidi.

Kisha nakili ile rekodi iliyo bora. Dakika 10 za kusimulia kwa mwendo wa kawaida ni maneno elfu moja na kitu, yaani kurasa nne hadi tano za kaunta buku, na ukiandika mstari mmoja na kuruka mmoja ni mara mbili yake. Ruka, utahitaji nafasi. Kunakili kwa mkono kutakula saa moja na zaidi, kwa hiyo kugawe kwa usiku mbili. Andika kila kitu, pamoja na "sasa", "basi", "si unajua". Usirekebishe sarufi huku unanakili, kwa sababu mkono wa kusahihisha huliziba sikio.

Nakala hiyo bado si hadithi, na hapa ndipo wengi wanaoijaribu njia hii hukata tamaa. Wanaisoma, wanaiona nyembamba, wanasema kumbe hakuna kitu. Ni nyembamba kwa sababu nusu ya hadithi ilikuwa usoni na mikononi mwako, na kinasa sauti hakikuichukua. Kazi ya usiku wa sita na wa saba ni kuirudisha. Uliponyamaza, anza aya mpya, au weka sentensi ya maneno mawili. Ulipoonyesha kwa mkono, andika kitendo: alivyokisukuma chombo chake kwa mguu mpaka ukutani, alivyokifunika kwa upindo wa khanga. Zile "sasa" 20 bakiza mbili.

Ulipogeuza sauti, hapo usiandike "alisema kwa sauti ya kizee". Sauti ya mtu kwenye karatasi ni maneno anayoyachagua. Mama wa umri ule wa huku kwetu hawezi kumwambia msichana wa mashine "tafadhali mruhusu anayefuata". Ataingia na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa foleni nzima kabla hajatua mzigo, na hapo huhitaji kueleza ni mtu wa wapi. Tena adabu yetu ya kuitana inakufanyia kazi bure. Tazama:

"Mama, zamu yako."

"Mpishe huyo, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Natangulia basi."

"Marahaba. Tangulia, baba."

Watu watatu, hakuna "akasema" hata moja, na hakuna msomaji aliyepotea. "Mwanangu" imeonyesha nani anamjibu nani, shikamoo imemleta mtu wa tatu, "baba" imetuambia ni kijana wa kiume. "Akasema" iweke pale tu sikio linapochanganyikiwa.

Kitakachokusumbua ni ile a- yetu isiyobagua. "Alimtazama akacheka": nani alicheka? Kwenye foleni ulionyesha kwa kidevu. Kwenye karatasi mpe kila mtu kitu chake mapema, mwenye mtoto mgongoni, mwenye khanga ya bluu, kijana wa baiskeli, halafu mrudishe kwa "yule": yule wa baiskeli, yule mwenye mtoto. "Yule" ikitangulia, msomaji anajua ni mtu ambaye ameshakutana naye. Hata wewe ulianza na "Yule mama" kana kwamba tunamfahamu, na ndiyo maana tulisogea karibu.

Kuhusu "kaja, katua, kakaa", usizifute kwa aibu. Hiyo ni Kiswahili cha mtu anayesimulia alichokiona muda si mrefu, na kama msimulizi wako ni msichana wa mashineni, ni haki yake. Ukitaka msimulizi asiyekuwepo pale, andika "alikuja, akatua, akakaa". Kosa ni kuanza na moja na kuhamia nyingine ukurasa wa nne bila kujua. Mimi ningeibakiza ya mashineni. Angalia tu vitendo visifuatane kama shanga zaidi ya vinne: akaja, akatua, akakaa, akanyamaza, akainama, akashika, na ghafla kila tendo lina uzito sawa na jingine. Vunja kwa -na- ya mtu anayeona kwa macho: "Foleni inasogea, yeye kakaa."

Hiyo sentensi uliyoitoa bila kufikiri ndiyo mpango wa hadithi nzima. Hadithi za bibi zina wimbo unaorudi kila mhusika anapogonga mlango mwingine, na msikilizaji huupima mwendo kwa wimbo ule. Wako ni huu. Irudishe mara tatu au nne, na kila mara kitu kiwe kimebadilika. Mara ya kwanza kuna watu watano mbele yake. Mara ya pili waliomkuta wameshampita. Mara ya tatu foleni haipo tena, umeshika fagio, na unga unatua sakafuni. Andika mistari hiyo mitatu juu ya ukurasa. Ni mpango unaokutosha bila kukushibisha.

Sasa lile debe. Wewe unapima nafaka kila siku, debe la lita 20 unalijua uzito wake. Uwele ni punje ndogo sana, eka moja haimezi hata kilo tatu za mbegu. Mjane mwenye eka mbili hawezi kuwa na debe zima la mbegu, na kama analo, msomaji wa Bahi au Mpwapwa atauliza mara moja: si asage nusu apande nusu? Hadithi inavuja hapo. Mpe kisado kimoja. Kisado hakigawanyiki, ni kula au kupanda, na sasa kukaa kwake kwenye benchi kuna uzito.

Na mbegu hainuki kama nafaka ya chakula. Masuke ya mbegu huning'inizwa juu ya jiko, moshi unafukuza wadudu, na punje hubaki na harufu ile. Msichana wako anaweza kuisikia harufu ya moshi aya ya pili, anapotaka kupokea chombo, bila kulitamka neno "mbegu". Msomaji mkulima atashtuka hapohapo. Asiye mkulima atakumbuka baadaye, sababu ikifichuka. Vivyo hivyo "Jumamosi yenye jua kali" haituambii kitu, maana Dodoma jua kali ni la kila siku. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Jua kali la Januari, mashamba yakiwa yamelimwa na hayajapandwa, hilo ni jambo. Weka mwezi, ondoa Jumamosi.

Ukimaliza utakuwa na kurasa kama nane hadi kumi na mbili, kwa makisio ya maneno 250 kwa ukurasa. Ndiyo hadithi fupi kamili. Usiivute iwe riwaya.

Saa yako moja ya usiku igawe hivi: dakika 10 za kusikiliza au kusoma cha jana, 40 za kuandika, na zinazobaki za kuandika nyuma ya daftari tarehe, kurasa ulizopata na kwa nini ulisimama. Funga daftari ukiwa bado unaijua sentensi inayofuata, na uiandike nusu. Kesho, ukiwa umechoka, utaanza kwa kumalizia sentensi badala ya kutafuta pa kuanzia. Na ukurasa wa kwanza ubane na kibanio mpaka mwisho uwe umeandikwa. Umeusahihisha mara tisa, hauna njaa ya kusahihishwa tena.

Jipe wiki tatu. Dalili kwamba njia hii ni yako ni mbili: unaamka unasikia watu wako wakiongea, na hutamani kufungua kile kibanio. Usipoziona, jaribu vipande: kata karatasi za A4 mara nne, kila kipande tukio moja, anza na unaloliona vizuri hata kama ni la mwisho, kisha vipange sakafuni. Ubaya wa vipande ni viungio, majina na siku hugongana, kwa hiyo juu ya kila kipande andika ni saa ngapi na nani yupo.

Zile nyingine, kwa ufupi. Dereva na mjane: mwombe rafiki awe mjane, wewe uwe dereva, mrekodi dakika tano. Kabla ya kuanza mnong'oneze rafiki jambo moja analolitaka na asilitaje kabisa. Ndugu wa Hombolo fanya vilevile. Kwa mzee wa mbuyu, mlete mwenye shoka ukurasa wa pili, na zile kurasa 41 uzifanye ghala la kuchota. Za muhtasari ziache zilale.

Kama Bi Mwaja ni mtu wa kweli wa mtaani kwenu, kubadilisha jina hakutoshi, Kizota watamjua kwa kisado chake. Badilisha na mtaa, na familia, na kile alichopoteza. Na unayemrekodi akiigiza nawe, mwambie kwamba unamrekodi.

Umeuliza kama wewe ni msimuliaji tu. Kinachokutenganisha na mwandishi ni usiku ule wa sita na wa saba, kalamu mkononi, ukirudisha kwenye karatasi kilichobaki usoni. Hiyo ni kazi ya mikono, inajifunzika, na mikono unayo.

Mwisho usikupe homa. Ila kumbuka msimulizi wako amesimama wapi. Mama akinyanyua kisado chake, sawa kimesagwa au hakikusagwa, msichana mwenye fagio anamwona mpaka kwenye geti tu. Usimfuate nyumbani.